Nakimbia kilomita moja kwa dakika 9 na kitu, hivi huku ni kukimbia au natembea tu?

DadaWaKirumba

Wadau habari za asubuhi, naombeni msaada maana hili jambo linaninyima raha. Mi ni mwanamke wa miaka 36, watoto wawili, kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa nzima. Presha ipo kwenye ukoo wetu, mama inamsumbua sana na sitaki nifike huko, ndo maana nikaamua nianze kukimbia. Natoka Kirumba hapa Mwanza naelekea Pasiansi nageuka narudi, siku nikijisikia vizuri nasogea mbele kidogo barabara ya Airport. Mwili umekubali, usingizi unakuja wenyewe, na kukimbia kwenyewe nakupenda kweli.

Shida ni spidi. Shemeji yangu aliniwekea Strava, ile app ya kupima mbio, kwenye simu, basi kila nikimaliza inaniletea dakika 9 na sekunde 20 kwa kilomita, siku nyingine 9 na 40, siku mbaya 10. Nikamwonyesha binamu yangu yuko Dar, akasema yeye anaenda 6 na wenzie wanaenda 5, hiyo yako dada ni mwendo wa kwenda sokoni. Hakusema kwa ubaya lkn limeniingia. Toka hapo nikiwa barabarani macho yote kwenye simu, kila baada ya muda naitoa mfukoni, nikiona 9 naongeza, pumzi inakata, kichomi hiki hapa ubavuni, nasimama, af nikisimama ndo namba inazidi kuharibika.

Jumamosi kuna kikundi cha jogingi kinapita mtaani kwetu, nikajiunga nao, nikawa wa mwisho na siyo mwisho wa karibu. Nimefika Furahisha wenzangu jasho limeshakauka wananisubiri mimi. Wiki iliyofuata sikwenda. Na natamani sana nishiriki zile mbio fupi za Rock City Marathon.

Naomba kuuliza, hiyo 9 na kitu ni kawaida kwa mtu anayeanza au kuna kitu hakiko sawa mwilini mwangu? Spidi naiongezaje? Na kikundi niendelee nacho au nijifue kwanza peke yangu mpaka nifike 7 ndo nirudi?

MwalimuNyegezi

Mwanangu mwadila (salamu yetu ya Kisukuma hiyo). Nianze na hilo la kwenda sokoni maana naona ndo limekuumiza. Mtu anayetembea haraka haraka anatumia kama dakika 10 mpaka 12 kwa kilomita, wa sokoni mwenye kapu mkononi anafika hata 15. Wewe uko 9 na 20, sasa huo mwendo wa soko uko wapi hapo?

Tena kukimbia hakupimwi kwa saa. Tofauti ya kukimbia na kutembea iko miguuni, ukikimbia kuna kipindi kifupi miguu yote miwili iko hewani, ukitembea lazima mguu mmoja uwe chini. Aliyeshinda kutembea kilomita 20 kwa wanaume kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alimaliza chini ya saa 1 na dakika 20, maana yake chini ya dakika 4 kwa kilomita, na alihesabika anatembea kwa sababu waamuzi walikuwa wanatazama nyayo zake. Kwa hiyo kuna watu wanatembea kwa 4 na wewe unakimbia kwa 9, na kila mmoja ni halali kabisa.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na michezo ilikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo hili nalisema kwa uhakika. Mchakamchaka unaukumbuka? Alfajiri mnazunguka uwanja na barabara ya kijiji, mmoja anaanzisha wimbo wengine mnaitikia. Mwalimu hakuwa na saa wala simu, alikuwa anasikiliza sauti. Mwitikio ukiwa wa nguvu mwendo ni sahihi, mwitikio ukianza kukatika katika anampa ishara yule wa mbele apunguze. Wataalamu wa mazoezi leo wanakwambia kitu hicho hicho, kwamba mbio nyepesi ni ile unayoweza kuongea sentensi nzima bila kutweta. Ukijaribu kuimba ubeti ukashindwa kuumaliza basi umepitiliza uwezo wako wa leo, hata kama simu inasema 11.

Na sababu yake iko hivi. Ukikimbia taratibu kwa muda mrefu moyo unazoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo midogo ndani ya misuli inaongezeka, misuli inajifunza kutumia hewa vizuri. Hayo ndo yanaleta spidi baadaye, na yanajengeka vizuri zaidi ukiwa kwenye mwendo wa kuongea kuliko ukiwa unakufa na kichomi. Halafu kuna jambo wanaoanza hawaambiwi, pumzi inawahi kuliko mifupa. Ndani ya wiki chache utajisikia una pumzi ya kutosha utake kukimbiza, wakati ugoko, kano za kisigino na magoti vinahitaji miezi kuzoea kupokea uzito. Watoto wengi niliowafundisha waliokuja kulalamika ugoko unauma walikuwa na pumzi nzuri kabisa.

Fanya hivi basi. Kimbia dakika 2, tembea dakika 1, na uanze kutembea KABLA pumzi haijakata, usisubiri ikate. Wiki ikikukalia vizuri fanya 3 kwa 1, baadaye 5 kwa 1. Siku tatu kwa wiki zinatosha na usizipange mfululizo, mwili unajengeka siku ya kupumzika. Simu iweke mfukoni isitoke mpaka umefika nyumbani.

Na ukishiriki mbio ya kilomita 5 kwa hiyo hiyo 9 na 20 unamaliza kwa dakika 46 na sekunde 40.

BigIgoma

Mwalimu heshima yako lkn mi napingana kidogo. Spidi ina maana bana, tusimdanganye dada. Ukizoea kwenda pole pole mwili unazoea pole pole, nawajua watu wanajogi mwaka wa tatu huu na wako pale pale. Filbert Bayi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 hakusubiri mtu, alitoka mbele toka mwanzo akakimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32 rekodi ya dunia, wote nyuma yake. Ndo akili ya Kitanzania hiyo. Dada yangu ushauri wangu chagua siku moja kwa wiki, nenda uwanja wowote ulio karibu, kimbia kwa nguvu zako zote mita 400, pumzika, rudia, rudia. Utaiona 7 mapema tu.

MwalimuNyegezi

Kijana nimekusoma vizuri na sehemu ya maneno yako ni kweli, anayetaka kuwa na kasi lazima siku fulani akimbie kwa kasi. Ila Bayi unayemtaja, mwaka mmoja kabla ya Christchurch alikuwa Lagos kwenye Michezo ya Afrika akamshinda Mkenya Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki. Alifika 1974 akiwa na miguu iliyoshafanya kazi kubwa. Huyu binti ndo kwanza anaanza, ukimpeleka mita 400 za nguvu zote wiki hii, wiki ijayo atakuwa kitandani na barafu mguuni, na hatari kubwa zaidi ni kwamba ataacha.

Miezi miwili mitatu ikipita bila maumivu, hapo sawa. Mwishoni mwa mbio nyepesi aongeze mwendo kwa sekunde 20, atembee mpaka apoe, arudie mara nne. Asitumie nguvu zote, iwe kama mtoto anavyokimbia akiitwa kula. Inatosha kabisa kuifundisha miguu kwenda haraka bila kuivunja.

BigIgoma

Hapo kwenye sekunde 20 tumeelewana mwalimu. Ila asisahau tu kwamba ipo siku ya kusukuma.

Mtaalamu_Isamilo

Mi nizungumzie simu maana naona hapo ndo chanzo cha presha yote. Ile namba inayoonekana wakati unakimbia usiiamini. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti, na ikiwa mfukoni, au ukipita karibu na majengo marefu au chini ya haya majabali yetu, inapotea kidogo na kuchora njia yenye kona kona ambazo hukupita. Unaweza ukawa kwenye mwendo ule ule na yenyewe ikakuonyesha 8 af sekunde kumi baadaye 11. Kama lazima uangalie basi angalia wastani wa safari nzima ukishafika, na ulinganishe njia ile ile na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita, siyo na mtu mwingine.

Halafu huyo binamu wa Dar. Mwanza tuko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na yeye anakimbia pembeni ya bahari. Kwa urefu huo tofauti ya hewa siyo kubwa sana lkn ipo. Kinachokula muda zaidi ni milima. Barabara ya Airport angalau imenyooka, ila jaribu kuzunguka Capri Point au kupanda kuja huku kwetu Isamilo uone namba zinavyokimbia. Mtu mwenye uwezo ule ule anaweza kupoteza dakika nzima au mbili kwenye kila kilomita ya kupanda na hajafanya kosa lolote.

Jua nalo. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi na ukitoka saa 3, hizo ni mbio mbili tofauti, maana mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, moyo unapiga haraka kwa mwendo ule ule. Mfano mzuri uko kwa Alphonce Simbu. Septemba 2025 Tokyo kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na yeye na Mjerumani wa pili waliandikiwa muda ule ule, waliachana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mkenya Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Simbu kashinda dunia nzima kwa muda ulioizidi rekodi hiyo ya Kiptum kwa dakika zaidi ya 9, kwa sababu Tokyo kulikuwa na joto kali na mbio za ubingwa watu wanaviziana mpaka mwisho. Hakuna Mtanzania aliyemuuliza kwa nini umechelewa. Namba bila kujua jua lilikuwaje na njia ilikuwaje haikwambii kitu.

Nesi_Bwiru

Dada nikujibu pale ulipouliza kama kuna kitu hakiko sawa mwilini. Dakika 9 au 10 kwa kilomita peke yake siyo dalili ya ugonjwa wowote. Mtu wa miaka 36 aliyekuwa anakaa dukani, huo ni mwendo wa kawaida sana.

Ila kwa vile umesema presha ipo kwenye familia, nenda kapime kabla hujaongeza mazoezi, ni dakika chache tu kwenye kituo chochote cha afya. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi usiache kukimbia kwa uoga, rudi upimwe tena siku nyingine na uongee na daktari. Kama hedhi yako huwa nzito omba na kipimo cha damu, wanawake wengi wanahema wakipanda ngazi wanadhani ni uvivu kumbe damu iko chini na madini ya chuma yamepungua, na hapo hata ujifue vipi spidi haiji. Ukiumwa malaria umalize dawa, upumzike mpaka nguvu zirudi zote, af uanze tena na kutembea.

Vitu vya kusimama hapo hapo na kwenda hospitali ni maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, na moyo kwenda mbio bila mpangilio hata ukiwa umekaa. Kichomi cha ubavuni ulichokisema ni kitu kingine, hicho kinakuja ukikimbia umeshiba au ukianza kwa kasi, punguza mwendo vuta pumzi ndefu kitaachia.

Na kitu kimoja cha huku kwetu, tafadhali. Naona watu wakimaliza kukimbia wanashuka ziwani kupoza miguu, wanakaa na maji mpaka magotini. Kichocho kipo kwenye maji ya pembezoni, kinaingia kupitia ngozi tu hata kama huna kidonda. Oga nyumbani.

Mwisho nikwambie kitu kitakachokutuliza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali. Wanahesabu dakika. Hakuna mahali wamekuuliza ulifika wapi. Kwa moyo wako na hiyo presha unayoikwepa, nusu saa yako ya 9 na 40 ni nusu saa kamili.

MamaJ_Mabatini

Nilitaka nipite tu ila hapo kwenye kikundi nimeshindwa. Dada usikae nyumbani mpaka ufike 7, nakuomba. Kwanza usalama. Saa 12 kamili asubuhi Mwanza bado giza, jua linachomoza karibu na saa 12 na robo tatu, mwanamke peke yako barabarani na simu mfukoni siyo vizuri. Kama siku hiyo huna mtu, subiri kupambazuke kabisa hata duka lichelewe kidogo, na uwe na njia zaidi ya moja usiwe unapita pale pale saa ile ile kila siku.

Pili hicho kikundi chenyewe kimekosea kukuacha. Mimi kwenye kikundi chetu tuna utaratibu, wa mbele wakifika mbali wanageuka wanarudi mpaka kwa wa mwisho, wanaungana naye, wanaendelea tena. Wenye kasi wanapata kilomita zao nyingi na hakuna anayebaki peke yake wala anayesimama kumsubiri mwenzie jasho likauke. Na siku zote kuna mtu mmoja mzoefu anakaa nyuma kwa makusudi. Waambie viongozi wao hivyo hivyo, wakikataa tafuta kingine, Mwanza vikundi havikosekani.

Nikaribie na mambo yetu wanawake. Sidiria inayobana vizuri ni muhimu kuliko hata raba, ukiwa huna utakimbia umejikunja mabega na pumzi haiingii. Raba za mtumba pale Mlango Mmoja zipo nzuri, ila ikunje uone, ikikunjika katikati kama kandambili iache, na ukandamize soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao imeshakufa hata kama juu inang'aa. Chukua yenye nafasi ya kidole gumba mbele maana miguu inavimba ukikimbia.

Na wale bodaboda wa kijiweni watapiga kelele, wasalimie kwa sauti kama unawajua. Wakizoea ndo wanakuwa walinzi wako.

DadaWaKirumba

Jamani asanteni sana, mwalimu shikamoo na wabeja sana. Nimesoma zote mara mbili. Leo nimetoka simu ikiwa mfukoni, nimefanya ile 2 kwa 1, na nikawa naimba kwa sauti ndogo nyimbo za kwaya, kweli kuna mahali nilikuwa nashindwa kumaliza mstari nikapunguza. Kichomi hakijaja kabisa. Nimefika nyumbani nikaangalia wastani, ni 9 na 50, yaani imeongezeka, na mwili sijachoka kama siku zote, ningeweza kuendelea. Hiyo ni sawa?

Na mlima je? Nikikata kona kupandisha nyumbani hata ile dakika 2 siimalizi. Presha nitapima Jumatatu, Nesi nakuahidi.

MwalimuNyegezi

Marahaba binti. Ni sawa kabisa, kumaliza ukiwa bado una nguvu ya kuendelea ndo tunachokitafuta. Hiyo 9 na 50 kwa kuimba ni bora kuliko 9 na 20 ya kusimama simama na ubavu unauma. Kaa hapo hapo wiki tatu nne bila kuongeza chochote isipokuwa muda, na muda wenyewe uongeze kidogo kidogo.

Kwenye mlima sahau dakika, fuata pumzi peke yake. Fupisha hatua, tazama mita chache mbele yako usitazame kileleni, mikono iwe chini karibu na kiuno. Wimbo ukikatika tembea, na utembee kwa nguvu usizubae. Wakimbiaji wakubwa wa milimani wanatembea kwenye miinuko mikali na wanashinda mashindano. Kushuka ndo uwe mwangalifu zaidi, watu wanajiachia wanapiga visigino chini, magoti yanalipia.

BigIgoma

Dada hongera, hapo kwenye kwaya nimekukubali. Miezi mitatu ikiisha nitafute tufanye zile sekunde 20.

DadaWaKirumba

Sawa mdogo wangu nitakutafuta. MamaJ kikundi chenu Jumamosi mnaanzia wapi na saa ngapi? Na kuna mchango wa kujiunga?

MamaJ_Mabatini

Tunakutana Furahisha saa 12 na nusu, tunanyoosha viungo kidogo, tunaondoka robo tatu kukiwa kweupe. Tunaelekea Pasiansi tunageuza kwa hiyo ni njia unayoijua. Mchango ni wa maji tu, siku ya kwanza hutoi kitu. Beba na nauli ya daladala mfukoni, mguu ukigoma njiani unapanda unarudi, hakuna atakayekuuliza. Jumamosi hii zamu ya kukaa nyuma ni yangu, niangalie nitakuwa na tisheti ya njano.